Usijifute Katika Ahadi

Utenzi wa "Damu Imebubujika" ni miongoni mwa zile ambazo Wakristo wengi wa Afrika Mashariki huziimba bila kufungua kitabu. Aliyeutunga ni Mwingereza William Cowper. Tenzi zake zimewafariji watu kwa zaidi ya miaka 200, lakini yeye mwenyewe aliishi miaka 27 ya mwisho ya maisha yake akiamini kwamba Mungu amemkataa. Kisa chake kinatuhusu sote tunaosema tumeokoka.

Cowper alizaliwa mwaka 1731, akafiwa na mama yake akiwa na miaka sita. Alisomea sheria London, na mwaka 1763 ndugu yake mmoja akamtafutia kazi ya ukarani katika Bunge la Malodi. Ilibidi kwanza asailiwe, na hofu ya usaili huo ikamvuruga akili hata akajaribu kujiua. Akapelekwa St Albans kwa daktari Nathaniel Cotton, aliyekuwa na nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili. Huko, mwaka 1764, alifungua Biblia akakutana na Warumi 3:25, panaposema kuwa Mungu alimweka Kristo awe upatanisho kwa damu yake, kwa njia ya imani. Akaamini papo hapo, na furaha ikamjaa hata maneno yakamwishia.

Mwaka 1767 alihamia mji mdogo wa Olney, ambako mchungaji alikuwa John Newton, aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa. Wakawa marafiki wa chanda na pete. Cowper aliwatembelea maskini na wagonjwa, aliongoza maombi, na pamoja na Newton akatunga tenzi zilizokuja kuchapwa mwaka 1779 katika kitabu cha Olney Hymns.

Tarehe 1 Januari 1773 Newton alihubiri juu ya Daudi anayeshangaa mbele za Mungu kwa fadhili alizotendewa. Kwa ibada hiyo aliandaa utenzi mpya, ule ambao leo dunia nzima inaujua kwa jina la "Amazing Grace". Muda mfupi baadaye maradhi ya Cowper yakarudi. Akaota ndoto, na ndani yake akasikia sauti ikimwambia kwamba kwake yamekwisha, ameangamia. Alipoamka aliishika ndoto ile kama hukumu iliyotoka mbinguni. Baadaye mwaka huohuo akasadiki kwamba Mungu anamdai uhai wake, kama Ibrahimu alivyodaiwa Isaka. Alipojaribu akanusurika, akahesabu kuwa ameasi amri na hana msamaha tena.

Tangu hapo hakukanyaga ibada, wala hakuomba. Inasimuliwa kwamba wenzake waliposimama kukiombea chakula, yeye alibaki ameketi na kushika kisu na uma, ili ieleweke kuwa maombi yale hayamhusu.

Newton alimkaribisha nyumbani kwake, akakaa naye zaidi ya mwaka mmoja. Alimsomea Maandiko, akamkumbusha mafundisho waliyoyashika pamoja: kwamba Mungu hamtupi aliye wake. Cowper hakubisha. Alikubali kwamba Kristo anaokoa, kwamba damu yake inatosha, kwamba hakuna aaminiye anayepotea. Kisha akasema yeye ni wa pekee, kanuni hiyo haimgusi. Akaendelea kuandika mashairi yaliyomfanya maarufu, akamtafsiri Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, akafuga sungura, akawaandikia rafiki zake barua za upendo. Akafariki tarehe 25 Aprili 1800, bado akijiona aliyetupwa.

Tusimhukumu. Alikuwa mgonjwa, na maradhi ya akili ni maradhi kama malaria. Mtu wa namna hii akitokea kanisani kwetu, anahitaji daktari na anahitaji ndugu wa kukaa naye. Kumwambia kwamba hana imani ya kutosha, au kumzungusha kila wiki kwenye mikutano ya kukemea mapepo, ni kumwongezea mzigo uleule unaomwangusha. Newton alifanya lililo jema: alimweka karibu, akamvumilia, na hakuacha kumhesabu kuwa ndugu katika Bwana.

Lakini lipo onyo kwetu tulio wazima. Cowper aliipa ndoto mamlaka juu ya Neno. Nasi tunafanya hivyo tukiwa na akili timamu. Mtu ameota anazama kwenye shimo, asubuhi anakimbilia kwa nabii. Mwingine ameongozwa sala ya toba leo, na Jumapili ijayo anapita mbele tena, kwa sababu tu hakutokwa na machozi wala kusikia mtetemo. Mwingine amekosana na mkewe usiku, kukicha anaamini kwamba jina lake limefutwa mbinguni. Wote hao wanaupima wokovu kwa hali ya moyo, na moyo hubadilika kutwa mara kadhaa.

Mtume Yohana alijua hivyo. Anasema katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, kwamba moyo wetu ukituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko moyo. Na katika 5:13 anaeleza kwamba amewaandikia wale wanaoliamini jina la Mwana wa Mungu, ili wajue kwamba wana uzima wa milele. Hakuwaandikia maaskofu peke yao, wala waliofunga siku arobaini peke yao. Mama mjane aliyebatizwa mwezi jana naye yumo.

Mtoto aliyefungwa mbeleko huvuka mto kwa sababu mama amekaza fundo. Mtoto anaweza kulala, anaweza kulia, anaweza hata kuachia mikono, na bado akavushwa. Ndivyo Yesu anavyosema katika Yohana 10: kondoo wake hakuna awezaye kuwapokonya mkononi mwake, wala mkononi mwa Baba.

Wapo wanaoogopa kwamba fundisho hili litawafanya watu walegee katika dhambi. Paulo alikwisha kuulizwa hilo, akalijibu katika Warumi 6: aliyekufa pamoja na Kristo ataishije tena katika dhambi? Anayejua kuwa anapendwa hutii kwa shukrani, na akianguka hurudi kwa Baba yake haraka, maana hana sababu ya kumkimbia.

Basi siku moyo wako ukikwambia kwamba ahadi ni za wengine, fungua Yohana 6:37. Yesu anasema kwamba yeyote ajaye kwake hatamtupa nje kamwe. Usome mstari huo kwa sauti, polepole, utafute mahali palipoandikwa kwamba wewe umeondolewa. Hutapaona. Neno la Bwana halikukutoa, usijitoe mwenyewe.