Bakshishi ya Mabaharia: Je, Ni Hisani au Ni Deni?

Ndugu msomaji, yako maswali ya haki yasiyofika mahakamani wala kuandikwa katika mikataba, ambayo huamuliwa kwa dakika moja, mkono ukiwa mfukoni. Mojawapo ni hili. Mtu amekodi mashua kwenda kuvua kwa tafrija. Nahodha na mabaharia wake wamemhudumia tangu alfajiri: wamefunga chambo, wamemshikia mshipi, wamemwonyesha penye samaki, wamemwinua alipolewa na mawimbi. Jioni mashua inarudi ufukoni. Bei ya kukodi imepanda kuliko mwaka jana, naye amekwisha kuilipa yote. Je, anachowapa wale watu sasa ni hisani, akipenda atoe na asipopenda aache? Au ni deni? Na je, kwa kuwa bei imepanda, anayo ruhusa ya kuwapunguzia?

Msomaji wa Buzwagi au wa Kahama asiseme kwamba haya ni mambo ya watu wa pwani. Ni kweli kwamba uvuvi wa namna hii umeshamiri zaidi baharini, kule Shimoni, Watamu, Malindi, Mafia na Nungwi, ambako wageni hufuata sulisuli, nduaro na jodari majira ya kaskazi. Mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934, na tangu zamani hizo mashua za kukodi hazijakoma. Lakini katika mkoa wa Geita iko Rubondo, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, na huko watu huenda kuvua sangara kwa burudani. Wala waendao mahali kama hapo si Wazungu peke yao. Dhahabu imewapa baadhi ya watu wa Kahama, Geita na Mwanza uwezo wa kutafuta siku moja ya kupumzika majini, na mwenye uwezo wa kukodi chombo amekwisha kuwa bwana wa kazi kwa siku ile, atake asitake.

Sasa tuitazame bei yenyewe. Sehemu kubwa ya gharama ya mashua ya injini ni mafuta. Mwezi wa Mei 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, bei ya petroli na ya dizeli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Hapana mwenye chombo awezaye kubeba mzigo kama huo peke yake, basi hupandisha bei ya kukodi, nasi hatumlaumu. Mgeni naye hulipa, na kila anacholipa kina stakabadhi: ada ya hifadhi ina stakabadhi, kibali cha kuvua kina stakabadhi, mashua ina stakabadhi. Kitu kimoja tu hakina stakabadhi, nacho ni bakshishi. Hapo ndipo nafsi hupata mlango wa kupenya. Mgeni hujiambia, "Safari imenigharimu sana mwaka huu," kisha hukata pale ambapo hapana atakayemdai.

Lakini je, ni nani aliyelipia kupanda kwa mafuta kwa njia hii? Mwenye mashua amerudishiwa gharama yake. Mwenye kituo cha mafuta amepata chake. Mgeni amerudisha sehemu ya fedha yake kwa kupunguza bakshishi. Aliyebaki ni baharia, ambaye hakupandisha bei ya kitu chochote, wala hakuulizwa. Na dizeli ile ile iliyompandishia mgeni bei ya mashua imempandishia yeye nauli ya basi na bei ya unga. Basi amelipa mara mbili, nyumbani na kazini. Mtu akiyatafakari haya, ataona kwamba neno "nimepunguza kwa sababu mambo ni ghali" lina kasoro: ughali ni hoja ya baharia kabla ya kuwa hoja ya mgeni.

Yuko atakayejibu: "Mshahara wa baharia uko juu ya mwenye mashua. Mimi nimelipa bei niliyotajiwa, na dhimma yangu imekwisha." Jawabu hili lina nguvu, wala haifai kulipuuza. Kwa asili ni jawabu sahihi. Mtume Mtukufu s.a.w. alipoagiza kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, agizo lilimhusu yule aliyemwajiri. Na wazee wetu wa pwani walikuwa na neno zuri kwa zawadi apewayo fundi baada ya kumaliza kazi: waliiita kilemba. Kilemba hukaa juu ya kichwa, na pasipo kichwa ni kitambaa tu. Vivyo hivyo zawadi hukaa juu ya ujira uliokamilika, na ujira usipokuwako, zawadi haina pa kukaa.

Tabu ni kwamba mahali pengi ujira wenyewe umepunguzwa makusudi kwa kutegemea bakshishi. Huko Marekani jambo hili limeandikwa hata katika sheria. Kima cha chini cha taifa zima kwa mtumishi wa kawaida ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, lakini mtumishi apokeaye bakshishi aweza kulipwa na tajiri wake dola 2.13 tu, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991, mradi bakshishi ijazilize pengo. Kwetu halikuandikwa hivyo, ila wapagazi wa Mlima Kilimanjaro walijua uchungu wake. Walipanda na mizigo ambayo kanuni za hifadhi zinataka isizidi kilo 20, na wengine wao walilipwa ujira mdogo sana kwa maelezo kwamba wageni watawatazama. Mwaka 2003 ndipo ulipoanzishwa mradi wa kuwasaidia wapagazi hao, unaofuatilia makampuni yanawalipa nini hasa na kuwashauri wageni wachague kampuni kwa kulitazama hilo.

Basi yule mgeni asemaye dhimma yake imekwisha na ajiulize: Bei niliyotajiwa imekuwaje nafuu hivi? Ikiwa ni nafuu kwa sababu baharia hakulipwa sawasawa, basi unafuu ule umeingia mfukoni mwangu, nami nimekula sehemu ya ujira wake bila ya kujua. Akijua, haiwi hisani tena. Imekuwa deni, ingawa hapana hati.

Hata hivyo nisieleweke kwamba nawasifia wenye mashua wanaouacha mshahara uning'inie mikononi mwa wageni. Hapa msomaji wa Buzwagi ana elimu ambayo mtu wa pwani pengine hana. Mgodi mkubwa wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2021 ukafungwa, na eneo lake likakusudiwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Siku lango la mgodi linapofungwa, mfanyakazi hujua tofauti ya fedha iliyoandikwa na fedha isiyoandikwa. Mshahara ulioandikwa umemwekea michango yake NSSF, ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri akichangia sehemu yake. Umempa hesabu ya kiinua mgongo. Umempa hati ya kupeleka benki. Lakini noti aliyotiwa mkononi na mgeni aliyefurahi haikumwachia hata alama. Baharia aliyeishi kwa bakshishi miaka ishirini, akivunjika mkono leo, katika vitabu ni kama mtu aliyelipwa kidogo sana maisha yake yote, hata kama wageni walikuwa wakarimu.

Tena, ndugu msomaji, ugawaji wa hatari na faida si jambo geni kwetu. Katika maduara ya wachimbaji wadogo, watu wengi huingia chini bila ya mshahara kwa makubaliano ya kugawana mifuko ya mawe: jiwe likitoa, wote wamepata, lisipotoa, wote wamekosa. Ziwani pia, wavuvi wa sangara aghalabu hutoa kwanza gharama za mafuta na chakula katika mauzo, kisha kinachobaki hugawanywa baina ya mwenye chombo na wavuvi. Taratibu hizi zina dhuluma zake, na wenye maduara na wenye mitumbwi wanajua ninachosema. Lakini angalau zina mizani: hasara huja kwa wote, na faida huja kwa wote. Baharia wa mashua ya kitalii hana mizani hiyo. Bei ya kukodi ikipanda, yeye hagawiwi. Mgeni akinuna, yeye hukosa.

Kipimo gani basi kitumike? Wengine wamechukua desturi ya Marekani ya kuhesabu asilimia 15 au 20 ya bei. Mimi naiona haifai kwa mashua. Tuseme chombo kilikodiwa kwa shilingi 800,000, na sasa ni 1,000,000 kwa sababu ya dizeli peke yake. Kwa hesabu ya asilimia, bakshishi imepanda kwa kuwa dizeli imepanda, na dizeli ikishuka kesho itashuka, ilhali kazi ya mabaharia ni ile ile na unga haujashuka. Huku ni kumpima mtu kwa kipimo cha injini. Kipimo kilicho karibu na haki ni siku ya kazi. Uliza kabla ya kufunga safari: baharia huyu hulipwa kiasi gani kwa siku, na je, siku isiyo na mgeni hulipwa? Ukijua hayo, utajua unachowajibika kukijazia. Kitenge kabla hujapanda chomboni, katika bahasha yake, pamoja na ada ya hifadhi na bei ya mashua. Ukiona jumla imekuzidi, punguza safari: vua nusu siku badala ya siku nzima, au ongeza mwenzako wa kuchangia. Punguza bahari, usipunguze watu.

Je, ikiwa hawakupata samaki? Swali hili huulizwa kwa hasira na mtu aliyerudi mikono mitupu, na jawabu lake halihitaji maneno mengi. Samaki hawako katika mkataba wa baharia. Kazi yake ni kuamka, kuongoza, kufunga chambo na kukurudisha salama. Tena siku ya mikono mitupu ndiyo siku yenye kazi nyingi, kwani nahodha huhangaika kutoka mwamba huu hadi mwamba ule. Aidha, uvuvi wa tafrija mara nyingi siku hizi ni wa kumnasa samaki na kumrudisha majini akiwa hai. Ni jambo jema kwa samaki, lakini mgeni akumbuke kwamba baharia ambaye zamani angerudi nyumbani na kitoweo, leo anarudi na picha ya mgeni.

Namna ya kutoa nayo ina sheria zake. Kurani Tukufu inatufundisha kwamba sadaka huharibiwa na masimango, na kama sadaka huharibika hivyo, sembuse kile ambacho kina harufu ya deni? Atoaye mbele ya kamera, au atoaye kwa kumkumbusha baharia jinsi mambo yalivyo ghali, amechukua kwa ulimi alichotoa kwa mkono. Na asimpe mmoja akidhani atawagawia wenzake, isipokuwa amehakikisha wote wanajua ni kiasi gani. Hapa Uingereza ninakofundisha, sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2024 imewakataza waajiri kukata chochote katika bakshishi za watumishi, na kuwataka wazigawe kwa haki. Sheria hiyo isingetungwa kama bakshishi zingekuwa zinafika zenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo halifai kuchanganywa na hayo yote. Kule hifadhini utamkuta askari wa wanyamapori, naye ni mtumishi wa umma. Huyu si baharia. Mtume s.a.w. alipomtuma mtu kukusanya zaka, naye akarudi akisema sehemu hii ni yenu na hii nimepewa zawadi, alikasirika na kuuliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi ingemfuata. Sisi Watanzania tulijaribu kuliita jambo hili takrima katika uchaguzi, hata Mahakama Kuu ikaitangua sheria yake mwaka 2006. Zawadi inayofuata cheo, aliyeilipia ni umma. Ikiwa askari amekuhudumia kwa wema, muulize jina lake, kisha mwandikie mkuu wake wa hifadhi barua ya kumsifu. Barua huingia katika jalada lake, na siku ya kupandishwa cheo husomwa.