Fimbo Nyuma ya Mlango

Mtu wa pwani akilisikia jina la Zuzu hutabasamu, kwani kwake neno hilo ni mtu aliyepumbaa. Lakini Zuzu ni mahali, magharibi ya mji wa Dodoma, kando ya reli ya kati, katika nchi ya Wagogo. Na swali analojiuliza mwenye nyumba wa huko jua linapokuchwa si swali la mazuzu hata kidogo. Aweke nini nyuma ya mlango, ili usiku akivamiwa asikutwe mikono mitupu?

Wazee wa Kigogo walilijibu swali hilo kwa udongo kabla ya kulijibu kwa chuma. Tembe lao, lenye paa bapa la miti na udongo na vyumba vilivyouzunguka ua wa ng'ombe, lilikuwa nyumba na boma kwa pamoja. Mkuki ulikuwapo, lakini mwizi alikutana kwanza na ukuta, kisha na jamaa nzima. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na baadaye paa za bati zikashika nafasi ya matembe mengi. Mwaka 1973 ikaamuliwa kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na mji, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, umezidi kutanuka. Mwenye nyumba wa leo ana ukuta wake peke yake, na majirani ambao pengine hawajui wote. Basi macho yake huzunguka miongoni mwa vyombo vya kazi: jembe, panga, shoka, mchi, fimbo ya kuchungia.

Hakuna kimoja kati ya hivyo kilichotengenezwa kwa vita. Jembe ni lile lile ambalo methali humkabidhi mgeni siku ya tatu. Mchi hutwanga uwele wa watoto. Kinachovigeuza kuwa silaha ni nia, na nia hiyo hufungwa mchana, hofu ikiwa mbali. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Anayelisogeza panga karibu na kitanda saa ya alasiri amekwisha kumhukumu mtu ambaye hajamwona, kwa kosa ambalo halijatendwa. Usiku hautampa nafasi ya kuchagua upya. Mkono utashika kilicho karibu, na kilicho karibu ndicho kitakachoamua.

Fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, ina mlango maalumu juu ya mshambulizi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameipanga hukumu hiyo katika Minhaj mfano wa ngazi: anayezuilika kwa maneno au kwa kuita msaada, haijuzu kumpiga, anayezuilika kwa mkono, haijuzu mjeledi, kwa mjeledi, haijuzu fimbo, kuua ni kidato cha mwisho. Kitabu cha Kutoka, kinachosomwa makanisani Dodoma, katika sura ya 22 kinatenga usiku na mchana: mwizi anayevunja nyumba akipigwa akafa gizani, aliyempiga hana hatia ya damu, jua likiwa limechomoza, anayo. Nayo Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 18B, humpa mtu haki ya kujitetea kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu, na anayezidisha hujibu mbele ya sheria.

Baba mwenye watoto chumbani atasema kwamba ngazi ni ya mwenye wasaa, na jambazi hangoji mtu apande kidato kwa kidato. Asema kweli, na wanazuoni hawakumtaka aliyekwisha kukabwa koo ahesabu vidato. Lakini si kila kishindo cha usiku ni jambazi. Yupo kijana wa nyumba aliyechelewa kurudi, yupo mlevi aliyekosea mlango, yupo jirani ambaye mkewe ameshikwa na uchungu. Jeraha la fimbo huombewa radhi asubuhi. Panga likishapita shingoni, hakuna wa kuombwa radhi. Kwa hiyo tochi ina haki ya kutangulia mbele ya vyote. Ila anayeiwasha na ajue kwamba ameliingiza jua ndani ya nyumba, na udhuru wa giza umemtoka.

Hata hivyo kidato cha kwanza, kile cha kuita msaada, katika nchi hii kina hatari yake. Magazeti yana msemo wao, "wananchi wenye hasira", na kila msomaji anajua unavyomalizika: mawe, tairi, moto, pengine kwa sababu ya kuku au simu. Umati hauna ngazi, na kila mmoja hutupa jiwe lake akiamini kwamba aliyeua ni mwingine. Mwenye nyumba aliyeacha panga ukutani kwa kuogopa damu anaweza kumwua mtu kwa neno moja, "Mwizi!", naye asitoke nje ya kizingiti chake.

Maneno nayo, basi, yana ngazi. "Nani?" ni swali, humpa aliye gizani nafasi ya kujitaja au kukimbia. "Jirani, njooni!" ni ombi. "Mwizi!" ni hukumu, imetolewa kabla ya ushahidi, na watekelezaji wake wamekwisha kuamka. Mpenda mashairi anajua jinsi neno moja linavyoweza kuugeuza ubeti mzima. Mwenye nyumba wa Zuzu ana haja ya elimu hiyo kuliko malenga. Na akilazimika kuita watu, deni lake halimaliziki kwa kuita. Itambidi atoke, fimbo mkononi, asimame kati ya majirani zake na yule aliyemvunjia mlango, mpaka polisi wafike.