Nyumba Ni Yako Lini?

Masomo: Yeremia 22:13–17; Kumbukumbu la Torati 24:14–15

Leo nina swali moja tu: nyumba ni yako lini? Ni siku unapopewa hati ya ploti? Ni siku mabati yanapowekwa? Ama ni siku unapogeuza ufunguo wako mwenyewe kwa mlango wako mwenyewe?

Mimi na mama watoto tumekaa Majengo miaka kumi na tisa kwa chumba cha kupanga. Watoto watatu wamelelewa nyuma ya pazia moja. Jirani akikohoa usiku, sisi ndio tunaamka. Kwa hivyo tulipopata ploti ya futi 50 kwa 100 huko Kamulu, barabara ya Kangundo, tulilia kwa furaha. Tukajenga polepole: mwezi huu lori la mawe ya Ndarugo, mwezi ujao mifuko mitano ya simiti. Mbao tulinunua Gikomba. Milango na madirisha tulitengenezewa na vijana wa jua kali pale Kamukunji. Pesa ya chama ikaisha, mkopo wa sacco ukaisha, na bado tulikuwa kwa linta.

Sasa sikia nilichofanya. Fundi wetu anapanga hapa hapa Majengo kama sisi. Tulipofika paa, alikuwa ananidai shilingi 14,000. Nikamwambia, "Fundi, vumilia kidogo. Mungu akifungua mlango, wewe ndio wa kwanza." Akasema, "Sawa mzee, hakuna shida." Akamaliza paa. Mimi nikanunua rangi. Nikanunua mapazia. Tukapanga siku ya shukrani, wapendwa waje waombee nyumba, pilau ipikwe. Nikaweka kando 10,000 iwe sadaka yangu ya shukrani.

Wiki hiyo mama watoto akamkuta mke wa fundi ameketi nje juu ya ndoo, watoto kando yake. Landlodi alikuwa ameweka kufuli. Kodi ya miezi miwili. Mama alirudi nyumbani na hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Baba Ruthi, ule mlango ulisema Mungu atafungua ni upi? Maana wetu umefunguka, na wa fundi umefungwa."

Usiku huo sikulala. Nilianza kujitetea, na nataka tupime utetezi wangu pamoja, kwa sababu najua siko peke yangu.

Kwanza nilisema: si alikubali? Mwenyewe alisema hakuna shida. Lakini hebu fikiria, angesema nini? Mtu wa mjengo akikataa, anahatarisha deni la jana na pia kazi ya kesho. Ndiyo ya mtu aliyebanwa haijakupa ruhusa. Imekuonyesha tu vile amebanwa.

Pili nilisema: nitamlipa, huku ni kuchelewa, si kuiba. Hapa Musa alinishika. Anaamuru kibarua alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, na sababu anayotoa ni kwamba mtu huyo ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Angalia, hakuuliza ni pesa ngapi. Kwangu 14,000 ni ile ile mwezi huu ama mwezi ujao. Kwake, ya leo ni kodi, na ya mwezi ujao ni vyombo nje. Hata Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema mshahara wa kibarua unafaa kulipwa mwisho wa siku. Musa na Bunge wameketi upande mmoja, na mimi upande ule mwingine na mapazia yangu.

Tena nikaona kitu kibaya zaidi. Sacco ilinidai fomu, wadhamini na riba. Fundi nilimkopa bila fomu, bila mdhamini, bila hata kumwomba. Nilimchagua yeye kwa sababu hana wakili. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na Bwana wa majeshi anasikia.

Tatu nilisema: najengea watoto. Na kweli, kujenga si dhambi. Yeremia hamkemei Yehoyakimu kwa kuwa na nyumba nzuri. Anamkumbusha kwamba baba yake, Yosia, alikula na kunywa vizuri, lakini alitenda haki, akatetea maskini. Kosa la mwana lilikuwa kujenga kwa jasho la jirani asiyelipwa. Watoto wangu wanastahili paa, amina. Lakini watoto wa fundi hawakuitwa kwa mkutano tulipoamua kwamba wao ndio watalipia.

Wapendwa, sisi wa Majengo tunafaa kuelewa jambo hili kuliko wengine. Jina la mtaa wetu linatoka kwa kujenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliitenga Pumwani iwe mahali pa Waafrika kukaa, na wenyeji wakajijengea nyumba za fito na udongo, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Baadhi ya waliojenga walikuwa kina mama, kwa pesa zao wenyewe. Nyumba ilikuwa yao, lakini ardhi ilibaki ya serikali. Na wale wa kijiji cha Pangani, hapo karibu, mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji chao kilibomolewa. Mtaa huu unajua uchungu wa mtu kutoa jasho halafu mwenye nguvu amwambie, ngoja. Itakuwaje sisi, tukipata ploti moja, tuwe ndio wa kusema ngoja?

Halafu ile sadaka. Yesu katika Mathayo 5:23–24 anasema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, uende mpatane kwanza. Ile 10,000 haikuwa yangu. Nilitaka kumpa Mungu pesa ya fundi, halafu nibarikiwe mimi.

Tuliahirisha shukrani. Tulichukua ya sadaka, tukaongeza ya pilau, tukampelekea fundi jioni hiyo. Alihesabu mara mbili, akasema, "Asante mzee." Kufuli ikatolewa. Lakini watoto wake walikuwa wamelala kwa majirani usiku tatu. Hizo sikuzilipa, na siwezi.

Mtu ataniuliza: kama fundi ameharibu kazi? Basi mwambie waziwazi, mpime kazi mbele ya mtu wa tatu, umlipe iliyo halali. Hilo ni tofauti na kukaa kimya na pesa yake. Na kama kweli huna? Mwambie kabla hajainua jiwe, si baada. Simamisha kazi. Luka 14 inasema watu watamcheka aliyeanza asimalize, lakini gharama ya kuhesabu ni pamoja na mikono ya watu. Afadhali uchekwe ukiwa kwa linta kuliko uimbiwe mlangoni ukiwa na deni la kibarua.

Kwa hivyo swali langu nimelijibu hivi. Hati inakupa ardhi na ufunguo unakupa mlango. Lakini mbele za Mungu, nyumba ni yako siku ambayo hakuna aliyebeba mawe yake bado anangoja. Habakuki aliona jiwe likilia kutoka ukutani. Mpendwa unayejenga, hata kama ni choo, hata kama ni jikoni ya mabati huko mashambani: leo kabla jua halijatua, piga simu moja. Uliza, "Fundi, nakudai ama unanidai?"

Bwana ajenge nyumba zetu, na atupe mikono safi ya kuzifungua. Amina.