Mtoto Akiuliza Kuhusu Zuhura

Tukizungumzia malezi, wengi wetu tunahesabu chakula, ada, adabu na sala. Maswali ya mtoto tunamwachia mwalimu. Mimi naona kumjibu mtoto kwa ukweli ni deni la mzazi, na halilipwi na mtu mwingine.

Lipo swali linalokuja lenyewe baada ya magharibi, miezi ile sayari ya Zuhura inapong'aa upande lilikozama jua: "Baba, kule kuna watu?" Mara nyingi baba hujibu, "Hayo anayajua Mungu, nenda kale." Ni kweli Mungu anayajua, lakini mtoto amekuuliza wewe. Baba mwingine humsimulia habari za viumbe wa angani alizotumiwa kwenye simu, na huyo ameharibu zaidi.

Jibu lipo. Zuhura inakaribiana na dunia yetu kwa ukubwa, ila juu ya ardhi yake joto hufika nyuzi 460 hivi za Selsiasi, risasi inayeyuka, na hewa yake hukandamiza takriban mara 90 kuliko ya hapa. Machi 1982 chombo cha Wasovieti, Venera 13, kilitua huko, kikapiga picha za rangi za mawe, kikadumu saa mbili na dakika chache kisha kikazimika. Hapo mwambie mtoto bila kusita: juu ya mawe yale hakiishi kitu.

Na zamani je? Hapa mzazi asiwe na haraka. Mwaka 1978 vyombo vya Marekani, Pioneer Venus, vilipima hewa hiyo na kukuta uwiano wa hidrojeni nzito unazidi ule wa duniani kwa zaidi ya mara 100. Mwambie mtoto amtazame bibi akipepeta mchele: makapi hupeperuka, punje hubaki kwenye ungo. Hidrojeni nyepesi ilitorokea angani, nzito ikabaki. Na kwa kuwa hidrojeni hiyo ilitokana na maji, basi maji yalikuwapo, na mengi yamepotea.

Lakini yaliwahi kutulia yakawa bahari? Mwaka 2016 watafiti wa NASA walitoa hesabu za kompyuta zilizoonyesha kwamba huenda Zuhura ilikuwa na bahari kwa miaka kama bilioni 2, muda wa kutosha kwa uhai kuanza. Mwaka 2021 watafiti wa Ulaya wakaja na hesabu nyingine: mvuke wa maji hayo haukupoa kamwe ukawa mvua. Ubishi huo haujaisha, na mtoto ana haki ya kuambiwa kwamba haujaisha.

Wazazi huogopa kusema "bado haijajulikani" wakidhani heshima yao itashuka. Sioni inashukaje. Mtoto aliyezoea kusikia mama yake akisema, "Hili tunalijua kwa sababu kadha, lile bado linachunguzwa," ndiye atakayemuuliza muuza dawa ya miujiza, au mwanasiasa jukwaani: umejuaje?

Kazi hii haidai darubini wala digrii. Akikuuliza, keti naye. Mweleze yanayojulikana na yasiyojulikana, kisha umwambie kwamba mwaka 2021 NASA ilichagua chombo kiitwacho DAVINCI kiandaliwe kushuka katika hewa ile na kuipima upya. Na asubuhi muulize yeye: unadhani kitakuta nini?