Sauti ya Besi: Ya Uzi, ya Mkono au ya Msikilizaji?

Uzi wa gitaa la besi hauna sauti moja. Ukivutwa na kuachiwa hutikisika wote mzima, na papo hapo hutikisika nusu kwa nusu, theluthi kwa theluthi, robo kwa robo, na kuendelea. Mtikisiko wa uzi mzima hutoa sauti mama, ile inayoipa noti jina lake. Mitikisiko ya vipande hutoa harmoniki, sauti nyembamba zinazopanda juu ya mama yao mara mbili, mara tatu, mara nne. Mchanganyiko wa hizo zote ndio masikio hupokea kama unene, ung'avu, ukavu au utamu. Kinachouamua kwa sehemu kubwa ni mahali vidole vya mkono wa kulia vinapougusa uzi, na hapo huzuka swali lililolitangulia gitaa lenyewe kwa karne nyingi: sifa ya sauti inakaa wapi, na ni mali ya nani?

Kanuni yenyewe ilielezwa na Mwingereza Thomas Young mwaka 1800. Kila harmoniki ina nukta zake kwenye uzi ambazo hazijongei kamwe. Uzi ukivutwa kwenye nukta tulivu ya harmoniki fulani, harmoniki hiyo haizaliwi. Besi ya kawaida ina uzi wa sentimita 86.4 kutoka kwenye kichwa cha shingo hadi kwenye daraja, na uzi wake mnene kabisa, E, hutikisika mara 41.2 kwa sekunde. Ukivutwa katikati, harmoniki ya 2, ya 4, ya 6 na wenzake wote wa namba shufwa hutoweka, na sauti inayobaki ni ya mviringo, laini, yenye uwazi ndani yake. Ukivutwa penye robo, hutoweka ya 4, ya 8 na ya 12. Mkono ukisogea hadi sehemu moja ya kumi, yaani sentimita 8.6 tu kutoka kwenye daraja, harmoniki zote kuanzia ya 2 hadi ya 9 zinakuwapo, na kwa wingi. Pikapu, zile sumaku zinazonasa mtikisiko, husikia kasi ya uzi kuliko umbali unaokwenda. Kwa kipimo hicho, na bila kuhesabu mahali pikapu yenyewe ilipofungwa, harmoniki ya 2 hufikia zaidi ya asilimia 90 ya nguvu ya sauti mama. Ndiyo maana besi inayopigwa karibu na daraja hutamka kila noti kwa makali, na inayopigwa karibu na shingo huvuma. Nyama ya kidole nayo ina neno. Kidole kinene hugusa eneo pana na kuzima harmoniki za juu kabisa, ilhali ukucha huziachia.

Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, ni mahali panapolifaa swali hili. Kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, wapigania uhuru wa Afrika Kusini walijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu Aprili 1979. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, na leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako walimu wa fizikia na hisabati huandaliwa. Mji huohuo ndio uliokuza Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944, na ndiko Mbaraka Mwinshehe alikong'arisha gitaa la solo kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973. Nyuzi zile zile zinazopimwa maabara kwa sonometa, chombo cha kupimia mtikisiko wa uzi, hupigwa ukumbini Jumamosi na kanisani Jumapili nyuma ya kwaya. Mwenye kipimo na mwenye kidole wanaishi mji mmoja, na kila mmoja ana jibu lake.

Jibu la kwanza husema sauti ni ya uzi. Hili ni jibu zito, na lilipata msemaji wake mapema. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Phaedo, yanayosimulia siku ya mwisho ya Socrates mwaka 399 kabla ya Kristo, Simmias anatoa hoja kwamba roho kwa mwili ni kama ulinganifu kwa kinubi: haionekani, ni nzuri, lakini imetokana na mbao na nyuzi zilizokazwa, na kinubi kikivunjika nao hauna pa kukaa. Socrates anamjibu kwamba ulinganifu hufuata sehemu zilizouzaa, lakini roho huziongoza sehemu zake na hata kuzipinga, kama pale mwili unapoona kiu na roho ikakataa kunywa. Kitu kimoja hakikutajwa katika hoja ya Simmias, nacho ni mkono. Kinubi chake kimekazwa na kulinganishwa, kisha kimeachwa kimya. Kinubi kisichopigwa kina ulinganifu, ila hakina toni. Toni huja pale mtu anapochagua kugusa hapa na si pale.

Wapiga besi wengi hushikilia jibu la pili: sauti iko mkononi. Wana ushahidi. James Jamerson, aliyeijenga besi ya nyimbo za Motown kule Detroit, alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, cha shahada. Jaco Pastorius alipiga karibu na daraja, na besi yake ikaimba kama mwimbaji wa mbele. Magitaa yote mawili yalitoka kwa mtengenezaji mmoja, Fender, ingawa hayakuwa ya aina moja, na hakuna anayezichanganya sauti hizo mbili. Hata hivyo jibu hili nalo linavuka mpaka. Mkono hauna harmoniki hata moja ya kwake. Hauupi uzi kitu ambacho uzi haukuwa nacho katika urefu na mkazo wake. Unachoweza ni kuamua ipi isikike kwa nguvu, ipi kwa udhaifu na ipi isizaliwe kabisa. Sanaa ya mkono wa kulia, kwa hiyo, ni sanaa ya kunyamazisha, na heshima yake haipungui kwa kusema hivyo.

Wanazuoni wa Kiislamu walikutana na umbo hili hili la swali walipojadili kadari. Kwa mafundisho ya Ashari, ambayo wanazuoni wengi wa Kishafii wa pwani ya Afrika Mashariki huyafuata, Mungu ndiye muumba wa kitendo na mja hukichuma. Uchumaji huo, kasbu, ndio unaomfanya aulizwe kuhusu alichotenda. Mfano wa besi hauthibitishi fundisho hilo, na haufai kutumiwa hivyo. Unaonyesha tu kwamba kutoumba na kuwajibika vinaweza kukaa pamoja bila kugombana. Mpiga besi hakuziumba harmoniki, lakini noti ikivuma kupita kiasi na kuyafunika maneno ya kwaya, lawama ni yake, kwa kuwa alikuwa na sentimita 20 za kuchagua.

Nyimbo za ukombozi zilizoimbwa Mazimbu miaka ya uhamisho zinaongeza jambo hapa. Wimbo wa namna hiyo hauhitaji ala, na besi yake hutoka vifuani mwa wanaume. Koo la binadamu nalo hutoa sauti mama na harmoniki zake kwa pamoja, kisha mdomo, ulimi na taya huamua zipi zipite kwa nguvu, ndiyo maana "a" na "u" zikiimbwa kwa noti moja husikika tofauti. Kazi inayofanywa na mahali pa mkono kwenye uzi, hapa hufanywa na umbo la kinywa. Anayechagua na kinachotikisika ni mwili mmoja, wala hakuna anayeuliza kama sauti ni ya koo au ya mwimbaji. Gitaa limezitenganisha kazi hizo mbili kwa sentimita chache za hewa, na swali likaonekana.

Jibu la tatu huihamishia sauti kwa msikilizaji, na hili ndilo watu hulisahau. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za dansi na kuzirusha hadi vijijini, ambako zilisikilizwa kwenye redio za betri. Spika ndogo ya redio hiyo haiwezi kutoa mitikisiko 41 kwa sekunde kwa nguvu ya kusikika. Inachotoa ni baadhi ya harmoniki za juu yake, zinazopangika 82.4, 123.6, 164.8 na kuendelea. Sikio na ubongo hupima nafasi iliyo kati ya hizo na kuirudisha sauti mama isiyokuwamo hewani. Msikilizaji husikia E ya chini ambayo redio yake haikuipiga. Mahali pa mkono hapa huwa na uzito mkubwa, kwani besi iliyopigwa karibu na shingo, nene na tamu ukumbini, hupeleka harmoniki chache, na kwenye spika ndogo hupotea. Ile ya karibu na daraja, iliyoonekana nyembamba jukwaani, hufika ikiwa na mama yake.

Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, aliligawa swali hili vizuri kuliko wote waliotajwa. Katika kitabu cha 6 cha De Musica, mwishoni mwa karne ya 4, aliuliza mizani ya mstari mmoja wa wimbo inakaa wapi, akaitofautisha mizani iliyo katika sauti yenyewe, iliyo katika hisi ya msikiaji, iliyo katika tendo la mtamkaji, iliyo katika kumbukumbu, na ile ya hukumu ya ndani inayotambua kwamba mizani ni sawa au si sawa. Hii ya mwisho aliipa cheo cha juu katika hizo tano. Mgawanyo huu unaeleza jambo ambalo majibu matatu ya awali yameliacha: kabla kidole hakijagusa uzi, mpiga besi amekwisha kuisikia toni anayoitaka, na kidole humfuata. Anaposogeza mkono sentimita mbili kuelekea kwenye daraja katikati ya wimbo, hakuna hesabu ya harmoniki iliyofanywa. Kumefanyika hukumu.

Imebaki kueleza mahali hapo ni wapi hasa, kwani hata neno "karibu na daraja" halisimami peke yake. Mkono wa kushoto ukibana uzi kwenye freti ya 12, urefu unaotikisika hubaki sentimita 43.2. Mkono wa kulia usipohama, ukabaki sentimita 17.3 kutoka kwenye daraja, ile iliyokuwa sehemu moja ya tano ya uzi sasa ni sehemu mbili za tano, na toni hubadilika ingawa hakuna kidole cha kulia kilichosogea. Anayetaka kuibakiza rangi ya noti za chini anapopanda shingo hulazimika kuuleta mkono wa kulia hadi sentimita 8.6. Kinachoamua toni, basi, ni uwiano kati ya mikono miwili, unaopimwa upya kwa kila noti, wala hakuna sehemu ya gitaa inayoweza kuwekewa alama kwamba toni fulani inakaa hapo.