Je, Wigi ni Uongo?



Kijana mwenzangu, swali la leo linaonekana dogo: mtu akivaa nywele zisizo zake, kope zisizo zake na kucha zisizo zake, je, anadanganya? Nimtumie kama mfano Dolly Parton, mwimbaji wa muziki wa kantri kutoka Tennessee, Marekani. Si Mkatoliki, babu yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste, ila maisha yake yanalifungua swali hili vizuri.

Alizaliwa mwaka 1946, mtoto wa 4 kati ya 12, katika familia maskini ya milimani. Mama yake alimshonea koti la viraka huku akimsimulia habari za Yosefu na kanzu yake (Mwa 37). Shuleni watoto wakamcheka. Mwaka 1971 aliimba kisa hicho katika wimbo Coat of Many Colors. Jukwaani amejulikana kwa mawigi makubwa ya rangi ya dhahabu, nguo za kubana zinazometameta na visigino virefu.

Wengine watasema, "Huyo ameukimbia umaskini wake." Mbona basi ameuimba miaka yote hii?

Mtakatifu Toma wa Akwino anafundisha kwamba mtu anaweza kudanganya hata bila kufungua mdomo, kwa matendo tu, akionyesha nje kitu ambacho ndani hakipo. Lakini Dolly mwenyewe huwaambia watu, tena kwa utani, kuwa hilo ni wigi. Sasa hapo nani kadanganywa?

Toma huyohuyo anasema kosa halimo katika vitu vyenyewe, limo katika mtu anayevitumia bila kiasi. Kwa hiyo tusikimbilie kusema "Mungu anaangalia moyo" (1Sam 16:7) kana kwamba ni ruhusa ya kuvaa chochote. Moyoni ndimo nia ilimo: navaa ili nipendeze, au ili mwenzangu ajione si kitu? Katekisimu (2524) inakubali kwamba namna za staha hutofautiana kati ya tamaduni na tamaduni, ila staha yenyewe ipo kila mahali. Vazi la jukwaani si lazima lifae Misani.

Hilo ni la anayevaa. Je, anayetazama?

Dolly amesimulia mara nyingi kwamba mtindo wake aliuiga kwa mwanamke mmoja wa mjini kwao: mdomo mwekundu, nywele za kupaka rangi, sketi ya kubana. Watu wazima walimwita takataka. Yule mtoto aliona mtu mzuri.

Hapo nakumbuka nyumba ya Simoni Mfarisayo (Lk 7:36-50). Simoni alikuwa ameshampa mgeni wake jina: mwenye dhambi. Yesu akamwuliza kama anamwona mwanamke yule. Simoni alikuwa akimtazama muda wote, lakini machozi yake hayakumwambia kitu. Yesu hakusema dhambi si dhambi. Alisamehe, lakini kwanza alimwona.

Dada akiingia kanisani na kope ndefu, benchi zima linageuka: "Huyo naye!" Katekisimu (2477) inaita hiyo hukumu ya haraka, na ni kosa dhidi ya ukweli. Yaani tunamshtaki kwa uongo wa kope huku sisi wenyewe tunasema tusiyoyajua.

Baba yake Dolly hakujua kusoma wala kuandika. Kwa ajili hiyo, mwaka 1995 Dolly alianzisha mpango wa kuwapa watoto wadogo vitabu bure, kwanza wilayani kwao. Hadi leo umeshagawa zaidi ya vitabu milioni 200. Aliyeishia kwenye wigi hayo hakuyaona.

Wiki hii, mbele ya kioo, jiulize: nataka watu wanione nani? Na Jumapili, kabla hujageuza shingo, jiulize: namwona huyu, au namtazama tu?

Ee Yesu, safisha nia yangu ninapovaa na macho yangu ninapotazama. Amina.