Mnyweshaji Alikuwa na Jibu

Somo: Nehemia 1:1 – 2:10



Jumapili niliwaomba walio na intavyuu mwezi huu wasimame tuwaombee. Walisimama wengi kuliko nilivyotarajia: walimu wanaongojea TSC, wauguzi waliotuma barua kwa bodi ya kaunti, vijana wa kutoka Nyansiongo wanaotafuta kazi kwenye viwanda vya majani chai. Na baba mmoja wa miaka hamsini na kitu alisimama, kisha akaketi haraka kama mtu aliyeona haya. Baba, usione haya. Nilikuona, na ujumbe huu ni wako pia.

Tunamjua Nehemia kwa ukuta. Leo tumwangalie kabla ya ukuta, siku aliyosimama mbele ya mwajiri wake. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani. Kazi nzuri, ya ikulu. Habari mbaya za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu, akalia, akafunga, akaomba. Mfalme alikuja kumuuliza mwezi wa Nisani. Piga hesabu, ni kama miezi minne. Sasa sikiliza majibu yake utajua alikuwa anafanya nini miezi hiyo. Mfalme anauliza, unataka nini? Nehemia anaomba kimoyomoyo palepale, halafu anasema wazi: nitume Yuda nikaujenge mji. Utakaa huko muda gani? Anataja muda. Anaomba barua za maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampishe. Anaomba barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe mbao za malango, za ukuta, na za nyumba atakayokaa yeye mwenyewe.

Jamani! Mtu wa kumimina divai alijuaje jina la mtunza msitu? Mimi naamini aliulizauliza. Alipokuwa akiomba usiku, mchana alikuwa akitafuta habari.

Na alikuwa anaogopa. Maandiko yanasema aliogopa sana. Kwa hiyo dada, mikono ikitetemeka mbele ya wale watu watano wenye mafaili, usidhani umepungukiwa imani.

Mimi kabla ya kuitwa katika huduma niliomba kazi ya ualimu katika shule moja. Nilifunga siku tatu. Nikafika na tai ya kuazima. Mwenyekiti akaniuliza: Mwalimu, tukikupa darasa la watoto 60 na vitabu 15, utafanyaje? Nikajibu kwamba nitamtegemea Mungu. Wakatazamana. Kazi akapewa dada mmoja aliyewaeleza jinsi atakavyowapanga watoto wanne wanne, kila kikundi na kitabu chake. Nilirudi nyumbani nikikemea adui aliyeiba kazi yangu. Wapendwa, adui hakuwa pale. Ni mimi nilikuwa sijawafikiria wale watoto hata dakika moja.

Basi chukua tangazo la kazi ulisome mstari kwa mstari. Kila wanachotaka, jiulize: nimeshawahi kufanya hiki wapi, na ilikuwaje? Usiseme tu "mimi ni mchapakazi," kila mtu husema hivyo. Mwambie bwana yako au dada yako akuulize maswali jikoni mkisonga obokima, ujibu kwa sauti, mpaka ulimi uzoee. Kazi nyingi za serikali zinadai vyeti vya Sura ya Sita ya Katiba, yaani KRA, HELB, DCI, EACC na CRB. Vingine huchukua siku, kwa hiyo usingoje jina litoke ndipo ukimbie Huduma Senta. Angalia pia kama jina la kitambulisho ni lile lile la cheti cha KCSE. Nimeona mtu akirudishwa kwa herufi moja.

Sasa lile neno gumu. Mwaka fulani mama mmoja wa kanisa hili, ambaye ameniruhusu kusimulia, alikuja nyumbani na bahasha. Walikuwa wamekodisha shamba, na sisi tunajua shamba la Mgusii lilivyo dogo siku hizi. Kuna mtu aliyewaambia anajua watu wakubwa, na kijana ataandikwa. Mama hakuja kuniuliza kama ni halali. Alikuja niiombee ile bahasha ifike salama.

Nilikataa, akalia. Akaniambia, "Pasta, wewe una mshahara." Neno hilo lilinichoma, na bado linanichoma. Nilimweleza kwamba TSC haitozi mtu pesa ili aajiriwe, na kwamba sheria ya rushwa ya mwaka 2016 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Alirudi na bahasha yake. Sitawadanganya kwamba wiki iliyofuata kijana alipata kazi. Hajapata ya serikali mpaka leo, anafundisha shule ya kibinafsi kwa pesa kidogo. Lakini shamba ni lao, na wanalilima.

Nehemia alipokuwa liwali, kwa miaka 12 hakula posho ya uliwali, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Aliyeingia kwa kununua kiti angewezaje kufanya hivyo? Angekuwa anatafuta kurudisha pesa zake.

Kidogo kuhusu wanaohama kazi. Nehemia hakutoroka ikulu. Aliomba ruhusa, na baadaye tunasoma (13:6) kwamba alirudi kwa mfalme. Mlango ulikuwa bado wazi. Sisi wengine tukipata nafasi mpya Ijumaa, Jumatatu simu imezimwa na watoto wanangoja mwalimu. Kama unalipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya siku 28 kwa maandishi. Iandike, umalize siku zako, udai cheti cha utumishi. Ni haki yako, hata kama mwajiri amekunja uso.

Na wewe baba. Kazi ya mnyweshaji ilikuwa kuaminika, na hiyo ndiyo Nehemia alikwenda nayo Yerusalemu. Miaka uliyopima majani chai ya watu pale kituoni bila kilo kupotea, hiyo ndiyo ya kuwaeleza.

Jumatano baada ya maombi ya jioni, walimu wetu wastaafu watakaa mezani kama jopo na kutuuliza maswali. Njoo na vyeti na tangazo la kazi unayoomba, na uvae vile utakavyovaa siku yenyewe. Tunaanza saa kumi na mbili. Baba, nimewaambia wakuite wewe wa kwanza.